Bibi wa Balthazar

4 Machi

Seneta amesema "poa".

Nimemuuliza kama chai imekolea, akanyanyua kidole gumba: "Poa, Mwantumu, poa." Miaka saba nipo katika ofisi hii ya Liverpool, hapa Sydney. Nimemfundisha mama huyu wa Kizungu kusema "asante sana" na "karibuni nyote", nimemfundisha hata kuamkia wazee, kila neno limekaa mahali pake. Leo ananijibu kama kijana wa kijiweni. Najua neno hilo limetoka wapi. Limetoka kwa Achola.

Achola ni Mkenya aliyeajiriwa Januari. Kazi yake na yangu ni moja. Tunawasikiliza watu wanaokuja na shida zao, tunaandika muhtasari, tunampelekea Seneta, ili akisimama Canberra kuchangia mjadala awe na mtu wa kumtaja badala ya kusoma takwimu tupu. Zamani kazi hiyo niliifanya peke yangu. Sasa tupo wawili, na meza ya Achola imewekwa jirani kabisa na mlango wa Seneta. Nimeambiwa eti ni kwa sababu ya soketi ya umeme.

7 Machi

Mvua. Achola kaleta mandazi, ofisi nzima imekula. Nimesema nimeshiba.

12 Machi

Funga ya kwanza ya Ramadhani. Niliamka nimeweka nia kwamba mwezi huu simsemi mtu. Ilipofika saa nne asubuhi nikamsikia Seneta akicheka na Achola mle ndani, mlango umefungwa, na nia yangu ikaishia hapo. Sijui walikuwa wanacheka nini. Nimekaa siku nzima nikijiuliza.

19 Machi

Leo Seneta amechangia mjadala wa kodi za nyumba. Tuliwasha televisheni ya ofisini tukamtazama.

Amesimulia habari ya wasichana wawili wa Kenya kule Kensington wanaopanga kitanda kimoja. Mmoja anatoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, mwenzake anaamka kwenda chuo, wanapishana mlangoni. "Shuka la kitanda hicho," akasema Seneta, "halijawahi kupoa." Wale wa upande wa pili, ambao siku zote huchezea simu, waliinua vichwa. Ofisini watu wakampigia Achola makofi kwa sababu habari ile aliileta yeye. Na mimi nimepiga makofi, mpaka viganja vikaniwasha.

Mimi nimempa Seneta mangapi? Mjadala wa hospitali, nilimtafutia mama aliyekaa kwenye kiti cha mapokezi tangu asubuhi hadi giza, na mtoto ana homa. Mjadala wa usalama kazini, nilimpelekea fundi mmoja wa viwanda vya Villawood aliyeumia kazini. Mjadala wa mafuriko, nilikwenda mwenyewe na mabuti ya mpira. Alizisema habari zangu vizuri, sikatai, lakini hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Naona wivu. Basi, nimeandika. Kitabu ni changu, sina haja ya kujificha humu.

Baada ya kufuturu nimeifungua Hansadi, yale maandishi rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni, nikaisoma hotuba tena na tena nikitafuta kasoro. Sijaipata.

22 Machi

Achola: "Mwantumu dear, unaweza nisaidia kuangalia hii Swahili kidogo?" Tangazo la kliniki ya chanjo. Nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa na ya bluu pia.

2 Aprili

Seneta karudi kutoka Canberra, katukalisha wote. Mwezi wa tano Seneti itajadili muswada wa viza za familia za wakimbizi. Anataka mtu mmoja. "Si kundi," alisema, "si jumuiya. Mtu mmoja anayemsubiri mtu mmoja." Akamtazama Achola, kisha akanitazama mimi. Alianza na Achola.

10 Aprili

Idi. Biriani, binamu zangu, kelele. Achola kanitumia picha ya mwezi na "Eid Mubarak my sister". Nilifikiri sana nimjibu nini. Nimemjibu "Asante".

17 Aprili

Nimempata!

Achola alikuwa Kensington kwa wanafunzi wake. Akaingia Mkongo mmoja, Balthazar, anafanya kazi katika ghala moja hapa Liverpool. Mrefu, alilazimika kuinamisha kichwa mlangoni, amevaa ile fulana ya rangi ya machungwa ya kazini na ameivua kofia ameishika kwa mikono miwili. Nikamkaribisha chai. Alisema hanywi, akainywa yote.

"Mama, bibi yangu iko kule kambi, Uganda," akaanza. "Mugongo inamuuma sana, hawezi tena kuteka maji. Ni miaka sita nilimuacha kule. Dossier iko kwa wakili, inalala tu."

"Anaitwa nani?"

"Léocadie."

Nikamwambia anieleze habari za huyo Léocadie. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitazama kikombe.

"Vita iliingia kwetu. Mimi mguu imevunjika, siwezi hata kusimama. Watu wote wanakimbia. Yeye alinibeba ku mugongo. Alinibeba mpaka kule barabara. Bila yeye, mama, mimi sipo hapa nakunywa chai yako."

Nilisikia machozi yakinilenga, na papo hapo nikasikia kitu kingine ambacho nitakisema wazi: furaha. Bibi mzee, mgongo umepinda, kambeba mjukuu aliyevunjika mguu huku risasi zinalia. Shuka la Kensington ni nini mbele ya hilo? Nilitaka kumuuliza umri wa bibi, mara mlango wa nje ukalia. Nikadhani ni Achola. Nikafunga kompyuta, nikamshukuru Balthazar, nikamsindikiza. Alikuwa mtu wa posta tu.

Kwenye umri nimeandika "mzee sana".

18 Aprili

Achola kanifuata kwenye mashine ya kuchapa, rasimu yangu ameishika.

"Samahani, nimepata hii hapa kwa printer, sikukuwa napeleleza. Huyu bibi ya Balthazar, una uhakika ni nyanya yake?"

"Bibi ni bibi."

"Kwetu mtu akisema bibi yangu anamaanisha wife. Na hawa Wakongo nadhani ni vile vile. Si umpigie tu umuulize?"

"Achola, mimi nimetoka Tanga. Kiswahili sikujifunza darasani."

"Sawa, sijasema hujui. Nimesema umpigie."

"Asante. Nitaangalia."

Ati anifundishe maana ya bibi! Mtu anayesema "sikukuwa napeleleza"! Nilinyanyua simu, nikairudisha. Kumpigia Balthazar kungekuwa kukubali kwamba Achola anaweza kunisahihisha, na akishanisahihisha, habari itakuwa ya kwake. Nimemtumia Seneta rasimu kama ilivyo.

26 Aprili

Baridi imeanza. Seneta amejibu: "Hii ndiyo." Maneno mawili tu, kwa Kiingereza, nami nimeyasoma siku nzima.

3 Mei

Mvua. Achola ana mafua. Nimemwambia pole na nilikuwa namaanisha, karibu yote.

14 Mei

Kila kitu kimekwenda nilivyotaka.

Seneta alisimama mchana. Alianza na sheria, vifungu, idadi ya maombi yaliyokwama, halafu akaweka karatasi chini. "Katika kambi moja nchini Uganda," akasema, "yupo ajuza anayeitwa Léocadie. Mjukuu wake Balthazar anaishi Liverpool, anapakia mizigo ambayo mimi na ninyi tunaagiza kwa simu zetu. Alipokuwa mtoto mwenye mguu uliovunjika, bibi yake alimbeba mgongoni akamtoa vitani. Leo mgongo huo hauwezi kubeba ndoo. Naiuliza Seneti: ni nani atakayembeba Léocadie?"

Hata yule seneta mzee ambaye hupinga kila muswada alitoa miwani akaifuta. Ofisini walinipigia makofi, mimi, na Achola alipiga pia. Nilimtazama usoni nione kama anaumia. Alikuwa na sura ya mtu mwenye swali, lakini hakuliuliza.

Seneta alipiga simu jioni. "Asante sana, Mwantumu," kwa matamshi yangu yale yale. Hakusema poa.

15 Mei

Nimeisoma Hansadi kwenye treni, nikapitiliza kituo.

17 Mei

Video ya hotuba imesambaa kwenye makundi ya Wakongo wa Sydney. Nimempigia Balthazar kumpongeza. Hapokei.

23 Mei

Bado hapokei. Labda zamu.

29 Mei

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Balthazar kaja asubuhi, mvua inamchuruzika, hakutaka kukaa. Achola alikuwa mezani kwake, akainuka atoke, Balthazar akamwambia, "Hapana, dada, kaa. Usikie na wewe."

Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti. Ningependa angefoka.

"Mama Mwantumu. Nilikuambia bibi yangu. Uliandika nini?"

"Bibi yako. Grandmother."

"Bibi!" akasema. "Bibi, mutu wa ku kitanda changu! Muke! Mimi ninao kokoo? Kokoo wangu, mama ya mama, alikufa mbele nizaliwe!"

Nikatafuta cha kushika, nikashika lugha. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba angesema "mke" kama watu wote ningeelewa.

"Mke ni ya kitabu," akasema. "Siku ya ndoa ninyi munasema nani? Bibi harusi. Ile bibi harusi ni kokoo?"

Hata Tanga anayeolewa ni bibi harusi, nimewapamba wangapi kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ajuza.

Halafu akaeleza yaliyompata, taratibu, akinikunjia kidole kimoja kimoja. Ghalani wenzake wanamwita mjukuu. Hilo analivumilia. Wakili wake ameandikiwa na watu wa viza: ombi linasema Léocadie ni mke, mbele ya Seneti imesemwa ni bibi mzaa mzazi, tafadhali eleza. Faili iliyokuwa imelala sasa imeamka vibaya. Hilo nalo wakili analishughulikia. La tatu ndilo alilishindwa kulisema, akakaa hatimaye kwenye kiti alichokikataa.

Video imefika kambini. Mtu mmoja huko anayejua Kiingereza ameitafsiri mbele za watu. Na Léocadie, aliyembeba mgongoni mwanamume mzima, mrefu kama mlango, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, aliyebebwa hakuwa mtoto, alikuwa mume wake wa miezi mitatu na yeye mwenyewe msichana, amesikia kwamba mumewe ameenda kuwaambia Wazungu kuwa yeye ni bibi yake.

"Anasema nimepata mwanamuke huku," alisema Balthazar. "Anasema ndiyo maana namufanya mzee, ili nimuache vizuri. Hashiki tena simu yangu. Tangu ile siku. Viza nitangoja, mama. Lakini nitaleta nani, kama bibi yangu hanitaki?"

Achola alimpa kitambaa. Mimi nilisimama tu. Na katika kusimama kwangu, wakati mtu analia mbele yangu kwa kosa langu, niliwaza hili: Achola alijua. Atalisema lini?

30 Mei

Hakulisema.

Seneta kanipigia kutoka Canberra, sauti nyembamba. Barua ya wakili imemfikia. Ameieleza Seneti jambo lisilo kweli na hajawahi kufanya hivyo tangu achaguliwe. "Nilidhani Achola ndiye aliyepitia Kiswahili cha ile rasimu," akasema. "Ni yeye, sivyo?"

Nikanyamaza.

Simu haikukatika, na nilimsikia vizuri. Nilinyamaza, na Seneta akaelewa alivyotaka kuelewa, akaniambia nimpe Achola simu.

31 Mei

Achola macho mekundu. Hajaleta mandazi, hajasema neno. Nimesubiri kutwa aje anitukane. Angenitukana, ningemchukia kwa raha.

3 Juni

Mchana huu nimempigia Léocadie. Balthazar alinipa namba, nikatumia simu yangu, ngeni kwake, ndiyo maana akapokea.

"Allô? Ni nani?"

"Dada Léocadie, naitwa Mwantumu. Nipo Sydney, nafanya kazi kwa Seneta aliye..."

"Ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Mwanamuke wake wa huko. Wameniambia, kuko mwanamuke wa ofisi anamuandikia maneno. Umeniandika kokoo ili upate nafasi yangu."

Nikamwambia haiwezekani, nina mume, nina watoto wawili wakubwa, Balthazar nimemwona mara mbili tu maishani. Hakunisikia, au alinisikia na haikumsaidia. Maneno yakamtoka kwa kasi, mengine sikuyashika, haya nimeyashika:

"Miaka sita nalala peke yangu. Kila siku najiuliza, kule iko anakula na nani? Nani iko anacheka naye? Mimi mugongo inakufa juu yake. Sasa naitwa mbele ya watu, nasikia nimekuwa kokoo wa bwana yangu. Watoto wa kambi wananikimbilia, wananiita kokoo, kokoo! Mimi niko na miaka makumi tatu na tatu!"

Nani anacheka naye. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma za ofisi, baridi inapenya sketi, na nilijua hasa anachosema. Ila yeye alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi miezi yote hii nimeulizia nani, mwajiri wangu? Nimekaa nikitega sikio kwenye mlango wa mama wa watu anayeongea na mfanyakazi wake. Niliona aibu.

"Dada," nikasema, "mumeo alisema bibi. Mimi ndiye niliyekosea. Kwetu bibi ni mzaa mama. Yeye hakukuzeesha, nimekuzeesha mimi."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema haraka, kazi nyingi, mlango ulilia. "Kuna mtu aliniambia niulize. Nilimwonea wivu mtu huyo, sikutaka awe ameniambia kweli."

Nikasikia jogoo huko aliko, na mtu anapiga ndoo.

"Mwanaume?"

"Hapana. Mwanamke mwenzangu, wa hapa kazini."

"Heee," akasema, akivuta. Sikujua kama ni dharau au nini. Halafu: "Walisema mbele ya wakubwa. Basi waseme tena mbele ya wakubwa. Mimi ni bibi yake. Na waseme miaka yangu."

Akakata.

4 Juni

Nimemwambia Seneta yote, na kwamba Achola alinionya tangu mwezi wa nne. Aliniuliza kwa nini sikusema aliponiuliza. Nilimjibu kweli, na kweli yenyewe ikitamkwa kwa Kiingereza ilisikika ya kitoto sana.

Hajanifukuza. Ametoka akamwomba Achola radhi mbele yetu sote. Kisha akanipa adhabu yangu: kuanzia leo kila Kiswahili ninachoandika kitapitiwa na Achola kabla hakijatoka.

Kiswahili changu. Na Achola.

7 Juni

Mvua na upepo. Amenirudishia tangazo langu la kwanza. Kalamu ya bluu.

11 Juni

Leo tumekaa pamoja kuandika masahihisho atakayoyasoma Seneta. Achola hakuzunguka mbuyu.

"Ulinikalisha mbele ya boss kama mwizi."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si leo."

Tukaanza kazi. Alitaka tueleze kwamba Wakenya husema nyanya kwa mzaa mama. Nikamwambia kwetu nyanya ni ya kachumbari. Akaniangalia, akaanza kucheka, na mimi kicheko kikanishinda, tukacheka mpaka mtu wa mapokezi akachungulia. Bado sipendi anavyocheka, kwa sababu anacheka vizuri na watu wanataka kukaa karibu naye. Lakini nimegundua kitu nilichokuwa nakikwepa tangu Januari. Achola huwauliza watu swali, halafu huuliza tena alilokwisha kujibiwa, kama mjinga. Mimi nilidhani ni ujinga.

Sentensi ya mwisho niliiandika mwenyewe. Achola alisema iondolewe. Nimekataa.

18 Juni

Léocadie bado hapokei simu ya mumewe. Balthazar anampigia kila akitoka kazini. Wakili anasubiri ukurasa wa Hansadi aambatanishe kwenye majibu.

25 Juni

Baridi ya kuuma meno. Balthazar aliomba ruhusa kazini, akaja na fulana yake ya machungwa, akaketi baina yangu na Achola mbele ya televisheni. Seneti ilikuwa na mambo yake. Walijadili bei za umeme kwa muda mrefu, nikadhani wametusahau. Ndipo Seneta akaomba nafasi fupi kusahihisha kumbukumbu.

Alisimama wima, mikono kwenye meza. Alisema kwamba mwezi wa tano alimtaja Léocadie kuwa bibi mzaa mzazi wa Balthazar. Si kweli. Léocadie ni mke wake. Hakubeba mtoto. Alikuwa bi harusi wa miezi mitatu aliyembeba mgongoni mwanamume aliyemzidi kimo na uzito, akamtoa vitani akiwa hai. "Katika Kiswahili chao," akasema, na akalitamka neno vizuri kabisa, "ni *bibi* yake. Ana miaka thelathini na mitatu, na ameniagiza nilitaje hilo mbele ya Seneti."

Wakacheka. Ukumbi mzima, pande zote mbili, kicheko cha watu waliompenda mtu wasiyemjua. Balthazar alijifunika uso kwa kofia.

Kisha ikaja sentensi yangu. "Kosa hili lilifanyika ofisini kwangu. Mfanyakazi wangu Achola alilitambua mapema, akasema, na hakusikilizwa." Seneta akashukuru, akaketi, wakarudi kwenye umeme.

Jina la Achola limeingia Hansadi. Langu halimo. Lake nimeliingiza mimi, herufi kwa herufi, na liliposomwa niliumwa hapa kifuani palepale pa siku zote. Sikupona kwa kuandika. Achola hakunitazama, ila alisogeza sahani ya mandazi upande wangu, nikachukua moja. Yana iliki. Miezi mitano sikujua kama yana iliki.

Balthazar akatoa simu. Huko Uganda ilikuwa asubuhi, na kijana wa jirani alikuwa ameahidi kumtafsiria Léocadie moja kwa moja. Aliweka simu mezani, sauti nje. Ililia. Ikalia. Akaanza kutikisa kichwa, akanyoosha mkono aikate.

"Balthazar."

Ilikuwa sauti ya Léocadie. Achola akamsukuma bega.

"Bibi yangu," akasema.

"Nimesikia. Kwa nini walicheka?"

"Walifurahi. Alipotaja miaka yako."

"Hmm." Tukasikia anapumua. "Umekula?"

"Bado. Nitakula."

"Ukule." Halafu sauti yake ikakaa sawa, sauti ya mwenye nyumba. "Sasa niambie, Balthazar. Ile mwanamuke walitaja pale, Achola. Ni nani tena huyo?"

Balthazar akakodoa macho. Achola akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikaivuta simu upande wangu.

"Dada Léocadie," nikamwambia, "hata mimi najiuliza hivyo tangu Januari."